Shangazi, nimpeleke wapi bila kujikaza?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 31, mzaliwa wa Tanga. Huu ni mwaka wangu wa tatu Marseille, kusini mwa Ufaransa, nafanya kazi ya ufundi wa injini za boti. Kifaransa changu ni cha kununulia mkate na kugombania kodi na mwenye nyumba. Zaidi ya hapo nababaika.

Mwezi uliopita jamaa ninayefanya naye kazi, Mkomoro, alinialika harusi ya binamu yake. Wewe unajua Wakomoro walivyo wengi mji huu. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa, basi nikajikuta nimevua koti napandisha katoni za maji ghorofa ya nne. Mlangoni alikuwepo dada mmoja anazipokea. Nilipompa ya kwanza akaniambia, "Marahaba." Shangazi, niliganda. Nikajiuliza, huyu anaitikia nini na mimi sijamwamkia? Nikamweleza kwa Kifaransa changu cha kuungaunga kwamba kwetu hilo ni jibu la mkubwa kwa mdogo, na yeye shikamoo yangu hajapata. Akacheka mpaka akaitua katoni sakafuni. Kumbe kwao marahaba ni ahsante. Tukaendelea hivyo hivyo: nampa katoni, ananipa marahaba, mimi najifanya nimenuna. Wakati wa kuondoka alinipa namba yake mwenyewe, sikumwomba.

Ni wiki ya tatu sasa tunaandikiana. Amezaliwa hapa hapa Marseille, wazazi wake ni wa Ngazidja, yeye ni muuguzi. Nimemwomba tutoke, amekubali. Hapo ndipo usingizi uliponipaa.

Mwaka jana nilitoka na msichana mwingine nikaharibu kila kitu. Nilivaa suti na tai. Nilimpeleka mkahawa wa vitambaa vyeupe karibu na bandari, mwenzangu kaja na ndala na kikapu cha pwani. Menyu siielewi, mhudumu kanisimamia kichwani na kalamu yake. Tulikaa tumetazamana kama watu wanaosubiri majibu ya vipimo. Bili ilikuja euro 140. Baada ya hapo nilikuwa nimepanga boti ya kwenda visiwani, upepo ukaanza, boti zikasitishwa, tukabaki gatini mimi nimeshika tai isipeperuke. Aliniambia nimekuwa mwema sana, akashuka ngazi za metro. Mpaka leo.

Safari hii nimejipanga. Jumamosi nzima: asubuhi tunapanda milima ya Calanques, mchana tunakula bouillabaisse, alasiri makumbusho ya Mucem, usiku mechi ya Olympique de Marseille. Tiketi mbili nimeshanunua. Nimetenga euro 250. Yule jamaa yangu anasema huo si mtoko, ni ziara ya kiserikali. Lakini nikipunguza naogopa nitaonekana bahili.

Halafu kuna mambo mawili yananitatiza. Ameniandikia: "Tusifanye kitu kikubwa, tunywe kitu tu, tutembee kidogo." Je, ananipima? Na amesema tusikutane Noailles kwa sababu mama zake wadogo hununua mboga huko. Je, ananionea aibu?

Naomba busara zako.

Mtoto wa Ngamiani

*

Marahaba, mwanangu. Na hii ni ile ya kwetu, shikamoo yako nimeipokea.

Nimeishi Marseille miaka sita, marehemu mume wangu alikuwa mtu wa meli, kwa hiyo huo mji naujua kwa miguu yangu. Ningekuwa naandika kwa mtu wa Paris ningesema mengine. Wewe uko mahali ambapo ukikosea mtoko, umeukosea kwa kutumia pesa.

Tuanze na meseji yake. Msichana amekuandikia anachotaka, neno kwa neno, na wewe umekaa unatafuta alichoficha chini yake. Hakuna kitu chini yake. Muuguzi anatoka zamu, amesimama saa nane au kumi, anasikiliza wagonjwa na madaktari wote wanamtaka yeye. Akisema "tunywe kitu tu, tutembee kidogo", anamaanisha kitu cha kunywa na kutembea kidogo. Ukimjibu kwa programu ya saa 14, utakuwa umemwonyesha jambo moja tu: kwamba akisema, husikii.

Sasa rudi kwenye barua yako, maana naona umeandika jibu bila kulisoma. Mkahawani mwaka jana ulivaa vizuri, umekaa vizuri, ukashindwa kusema. Harusini ulikuwa unatoka jasho, koti umevua, Kifaransa kile kile kibovu, na mtu akacheka mpaka akatua mzigo. Kule juu mikono yako ilikuwa na kazi na macho yenu yalikuwa na kitu kingine cha kutazama. Hukuwa umemkodolea. Hicho ndicho cha kukipanga: mahali ambapo mko ubavu kwa ubavu, kuna kitu kinapita mbele yenu, na mkikaa kimya dakika mbili hakuna anayedhani mambo yameharibika.

Jumamosi yako niifumue kidogo, usinune.

Calanques ni pazuri, wala sibishi, na toka 2012 ni hifadhi ya taifa. Lakini ni mawe meupe, jua, kivuli cha kutafuta, na maji ni yale uliyobeba mgongoni. Wakati wa kiangazi njia hufungwa siku za hatari ya moto, na kule Sugiton lazima uwe umejiandikisha kabla. Hayo yote yanavumilika. Lisilovumilika ni hili: ukiwa katikati ya njia na mtu usiyemjua na mazungumzo yamekwisha, mna saa moja na nusu ya kurudi, mmoja nyuma ya mwenzake. Mtoko wa kwanza uwe na mlango wa kutokea karibu, wake na wako.

Bouillabaisse nayo. Chakula hiki kilikuwa cha wavuvi, samaki wenye miiba na sura mbaya ambao sokoni hawakupata mnunuzi, wakachemshwa pamoja. Leo mkahawa unaojiheshimu utataka uagize mapema, na kwa watu wawili utaacha nusu ya zile euro zako au zaidi. Unaletewa supu kwanza, na vipande vya mkate vya kupaka ile sosi ya kitunguu saumu, halafu samaki anakuja mzima na kupasuliwa mbele yako. Kitunguu saumu na miiba, mwanangu. Siku ya kwanza. Kuleni mkishazoeana, siku ambayo ukitoa mwiba mdomoni hakuna anayehesabu.

Mechi ndiyo iliyonichekesha. Uwanja wa Vélodrome unachukua watu zaidi ya 67,000, na wote wanaimba. Kifaransa chako utamwimbia saa ngapi?

Hii hapa yangu. Mwandikie leo: "Alhamisi saa kumi na moja na nusu jioni nitakuwa Vieux-Port, chini ya kile kioo. Tunavuka na kivuko, tunakwenda kutazama meli zikitoka. Tukae muda wa saa moja na nusu hivi, halafu kila mtu kwake. Alhamisi ikikubana, taja siku yako." Basi. Umetaja mahali, umetaja mwisho, umemwachia nafasi ya kubadilisha. Ule mwisho usiuache, ndio unaomfanya mtu aje bila mashaka. Jumamosi achana nayo, imebeba matarajio mengi mno.

Kioo ninachosema ni lile paa la chuma kilichong'arishwa alilolichora msanifu majengo Norman Foster, limesimama pale Vieux-Port, ukingoni mwa bandari ya zamani, toka 2013. Ukiwa chini yake ukiinua uso unajiona umening'inia kichwa chini, pamoja na mji mzima, mikoba, mbwa na watoto wenye baiskeli. Watu wazima wanarudi utoto pale. Mwingine anapunga mkono huku anajitafuta juu ni yupi. Fika dakika kumi kabla, simama, tazama juu. Akija akakukuta umekodoa macho angani, mazungumzo yameshaanza na wewe hujasema neno. Kama utosi wako umeanza kupungua nywele, ubaya ni kwamba ataona. Heri ajue mapema.

Kutoka hapo shikeni ukingo wa kaskazini hadi mbele ya jengo la manispaa. Kuna kivuko kidogo kinachokata bandari kwenda upande wa pili. Wewe uliyekulia pwani, kifikirie Likoni au Kigamboni iliyopunguzwa ikawa ya mfukoni: hakuna foleni ya malori, hakuna muuza karanga, ni dakika chache tu za maji. Lakini mmepanda chombo pamoja, mmeshuka pamoja, mna safari ya kusimulia. Kikiwa hakifanyi kazi siku hiyo, zungukeni kwa miguu, ndiyo kwanza mtaongea.

Upande wa pili pandeni taratibu kuelekea bustani ya Pharo. Kabla ya hapo, mchana huo, pitia tanuri la zamani karibu na abasia ya Saint-Victor, limekuwepo toka 1781, ununue navette. Ni biskuti zenye umbo la mtumbwi, zina harufu ya maua ya mchungwa, itakukumbusha marashi ya visheti vya nyumbani. Ni ngumu. Ngumu kweli, kama kashata iliyosahauliwa mfukoni mwa kanzu. Hilo ni jema: mtu hawezi kuila kwa madaha, lazima ajing'ate-ng'ate kama panya, na ukishaonekana unaguguna biskuti hivyo huwezi tena kujifanya balozi. Mfuko wa karatasi mfukoni, unautoa mkishakaa.

Pharo ni jumba lililojengwa kwa ajili ya Napoleon III, ambaye hakuwahi kuishi humo, kwa hiyo bustani wameifaidi wengine. Kuingia ni bure. Kaeni kwenye majani upande wa bahari. Mbele yenu mdomo wa bandari, ng'ambo ngome ya Saint-Jean, pembeni yake Mucem na ile ngozi yake nyeusi ya zege iliyotobolewa kama wavu wa dagaa, nyuma yake kanisa kuu la milia. Makumbusho mtakuwa mmeyaona bila kupanga foleni. Jioni meli kubwa za kwenda Corsica zinang'oa nanga upande ule. Mwisho wa Septemba jua linazama kama saa moja na nusu, na mawe ya ngome yanageuka rangi ya asali. Hapo usiseme kitu. Najua utataka kusema kitu.

Saa na nusu yenu itaishia hapo. Kama anatazama simu, msindikize hadi kituo anachotaka, si hadi mlangoni kwake, mwambie umefurahi, nenda nyumbani. Hakuna aliyeumia. Kama yeye mwenyewe anasema "bado mapema", kituo cha basi namba 83 kiko hapo hapo, linafuata barabara ya Corniche kando ya bahari. Au tembeeni. Kuna ukuta wa kukalia wa zege unaoifuata bahari karibu kilomita tatu, wenyewe wanajisifu kuwa ndiyo benchi ndefu kuliko zote duniani. Mimi siku zote niliita baraza. Utakuta wazee, wachumba, watu na pizza zao za boksi, kila mtu amegeuzia gari mgongo.

Shukeni Vallon des Auffes. Hapa nisikilize vizuri. Ni kibandari kidogo kilichojificha chini ya matao ya daraja, vimashua vya mbao vya rangi vimebanana kama viatu mlangoni mwa msikiti. Nakupeleka pale kwa sababu moja: ni kazini kwako. Mkahawani wewe ulikuwa mgeni wa kila kitu, uma, mvinyo, mhudumu. Pale utajua mashua ipi injini yake imechoka kwa kuisikia tu, ipi imepakwa rangi kuficha ubovu. Mwonyeshe moja. Mbili zikizidi. Usimsomeshe mfumo wa kupozea injini, tafadhali, nilishaolewa na mtu wa meli na niliyasikia yote.

Upepo. Umeshaumizwa nao, lakini kosa halikuwa la upepo. Mistral ukivuma unashuka toka kaskazini-magharibi kwa siku kadhaa, mbingu inakuwa safi ya kupendeza na wewe huwezi kusimama wima. Tazama utabiri siku mbili kabla. Ukiwepo, msijilazimishe na Pharo. Hamieni Vieille Charité mtaa wa Panier, jengo la karne ya 17 lenye ua katikati na baraza za matao ghorofa tatu. Kuta zake zinakinga, ukiingia kuna mahali pa kunywa chai. Zamani lilikuwa la kuwafungia maskini wa mji, hilo unaweza kuliacha hadi mtoko wa pili.

Kuhusu ubahili. Mipango hii yote, nauli, biskuti na chai, sidhani itafika euro 25. Bahili ni yule anayehesabu mbele ya mtu, na hilo hata tajiri hulifanya. Lipia kitu cha kwanza bila maneno. Akisema "cha pili changu", mwache alipe, sema marahaba, kaa. Huko wasichana wengi hawapendi kubaki na deni, na kulipa kwake hakukupunguzii uanaume hata robo. Kinywaji usimpangie. Usimuulize kama anakunywa pombe kwa sauti ya ustadhi, wala usiagize pastis, ile pombe yao ya anisi, ili uonekane mwenyeji. Mwache aagize kwanza. Maji ya sharubati ya mnanaa hakuna anayeyacheka mji ule.

Na Noailles. Mwanangu, hebu jiulize wewe: ungempeleka msichana mtoko wa kwanza Ngamiani barabara ya ishirini, Jumamosi asubuhi, mama yako mdogo anachagua nyanya? Soko lile ndilo baraza la Wakomoro, pale mtu akinunua muhogo na wewe ubavuni mwake, kufika jioni Moroni wameshapigiwa simu wameambiwa mahari. Amekulinda wewe pamoja na yeye. Mkikutana na ndugu yake popote, mwache yeye aongoze. Akikutambulisha kama mtu wa kazini, wewe ni mtu wa kazini, amkia kwa heshima, rudi nyuma hatua. Na ile sherehe yao kubwa ya ndoa, ile anda inayomla mtu akiba ya miaka, usiiulizie. Hata kwa utani.

Wenyewe wana hadithi ya jinsi mji ulivyoanza, wanasema ni kama mwaka 600 kabla ya Kristo. Mabaharia Wagiriki kutoka Phocaea walitia nanga siku ambayo mfalme wa pale alikuwa anamwoza binti yake, Gyptis. Desturi ilikuwa binti aingie karamuni na kikombe, na atakayempa ndiye mume. Vijana wa pale wamejipamba. Binti akapita wote, akampa kikombe Protis, mgeni aliyetoka baharini na chumvi yake mwilini. Wengine wanasimulia kuwa kikombeni mlikuwa na maji tu. Nilipofika kwenye katoni zako za maji nilicheka peke yangu.

Lugha isikutishe. Mwombe akuhesabie moja hadi kumi Kikomoro cha kwao, nawe hesabu Kiswahili. Kwenye mbili mtakutana, kwenye tatu mtapishana, kwenye nne mtakutana tena, na mkifika kumi hakuna atakayekumbuka kuwa Kifaransa chako ni cha mwenye nyumba. Akikuambia marahaba wakati unampa biskuti, usimweleze tena, hiyo mlishaicheka. Mwitikie tu shikamoo.

Viatu vya kutembelea. Shati safi. Tai iache ndani ya sanduku. Na zile tiketi mbili mpe yule jamaa wa kazini, akaende na binamu yake.

Shangazi